Viraka Vinne vya Manjano

Koko alituhesabu mara tatu katika njia ya kutoka Mudaka kwenda Kavumu, na mara zote tatu alipata wanne. Tulikuwa watatu. Alikufa bila kujua kosa lilikuwa wapi, na mimi nililijua tangu hesabu ya kwanza.

Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulikwepa. Kila ninapowasimulia watu utoto wetu wa Bukavu huanza na sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa wakakauka hadi wanalia mdomoni, na ukungu wa asubuhi unaopanda kutoka ziwani, na nikikaribia Mudaka nakumbuka ghafla kwamba nimeacha chungu motoni. Mwezi uliopita, huko Sange, niliona kitambaa kwenye mgongo wa kiti, na tangu siku hiyo chungu hakinisaidii tena. Safari hii nitafika. Lakini niache nirudi nyuma kidogo, maana usipomjua koko na viraka vyake hutaelewa jinsi mtu mwenye akili zake anavyoweza kumhesabu mtoto asiyekuwapo.

Koko ndivyo tulivyomwita mama mzaa mama yetu. Tuliishi naye Kadutu, kwenye ule mteremko ambako ukitoka mlangoni unaona bati la jirani chini ya miguu yako. Tulikuwa watoto wanne: mimi mwenye miaka kumi na mmoja, mdogo wangu wa kike mwenye minane, na mapacha wa kiume wa miaka sita. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alifanya biashara ya maharage ya Kalehe, wiki hii yuko nyumbani, wiki ijayo hayupo. Asubuhi kazi yetu ilikuwa kuchota maji kwa madumu, kupuliza mbabula hadi makaa yawe mekundu, na kufagia ua kabla mvua haijaanza. Mchana, baada ya shule, ilikuwa sindano.

Zamani koko alikuwa mwanamke wa meli. Kabla macho yake hayajaharibika alipanda meli ya Goma na mizigo yake, na huko ndiko alikojifunza kuchukia mikono isiyofanya kitu. "Njia inakulaka siku ya mutu," alikuwa akituambia. "Upe mukono kazi, njia itakula kidogo." Kwa hiyo hapakuwa na safari nyumbani kwetu, hata ya siku mbili, bila kwanza kuandaa viraka vya njiani.

Alitoa masalio yote aliyokuwa nayo: kikwembe, kitenge cha kujifunga, kilichochakaa, shati la marehemu baba, pindo la sare ya shule. Alikata vipande kwa kufuata mraba wa katoni ya sukari, upana wa kiganja chake. Kila msafiri alipata vipande kumi na viwili, mistari mitatu ya vinne vinne. Alivipanga kwa mfuatano wa kushonwa, kisha akavitunga katikati kwa uzi mnene kama nyama kwenye kijiti, ili upepo wa ziwani usije ukavichanganya. Sindano zilitiwa uzi nyumbani, sita kwa kila mtu, kwa sababu kwenye lori linaloruka hakuna jicho linaloweza kupata tundu. Alizichomeka kwenye kipande cha sabuni ya kufulia, zisishike kutu na ziteleze vizuri kwenye nguo. Makasi hayakusafiri, uzi tulikata kwa meno. Vya kila mtu viliingia katika kopo lake la maziwa ya unga, na kopo hilo ndilo lililokuwa kikombe chake njiani.

Kitambaa kilianzwa mguu ukitoka nyumbani na kilimalizwa mlangoni kwa mwenyeji. Hiyo ilikuwa sheria. Kipande cha kumi na mbili ulikishona mbele ya nyumba uliyofikia, ukakata uzi, ukaingia, ukampa mwenyeji kitambaa kizima, naye akakitandika kwenye mgongo wa kiti chake. Kitambaa kisichokamilika hakitolewi. Nilimwona mama yangu mwenyewe, mtu mzima, ameketi juu ya jiwe kwenye manyunyu nje ya nyumba ya mjomba wake, akihangaika na kipande cha mwisho huku wenyeji wakimtazama kupitia dirishani na bugali likipoa.

Jambo moja zaidi na utakuwa umemjua. Koko alitumia mkono wa kushoto, na fundo la uzi aliliacha juu ya kitambaa, upande unaoonekana, kinyume na mafundi wote wa mji. Jirani yetu, mwanamke fundi wa cherehani, hakuacha kumtania.

"Maman, hii nguo unaivalishaka inje ao ndani?"

"Fundo yenye kujificha iko fundo ya mwizi," koko alimjibu. "Ya kwangu, watu waione."

Usidhani ilikuwa shule ya upole. Mshono uliopinda aliutambua kwa kidole gumba, hata baada ya mtoto wa jicho kumfunika macho akabaki anaona rangi tu. Aliufumua kwa wembe, mshono wote, akakurudishia. Siku moja nilifumuliwa mara saba huku wenzangu wakila, na harufu ya sambaza ikinipitia puani. Kofia ya chuma ya kidole, ile ambayo mafundi huvaa wasichomwe na sindano, aliikataza kabisa. "Kidole iumie, ndiyo itajua." Vidole vyangu vilikuwa na vitundu kama kichujio.

Mdogo wangu alishona vibaya. Mishono yake ilikuwa mirefu, ya kuyumba, kama nyayo za bata kwenye matope. Lakini macho yake yalikuwa makali, na koko alipopofuka nusu, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutia uzi kwenye sindano za nyumba nzima. Alikaa kati ya magoti ya koko, analamba uzi, anaupitisha mara moja tu. Koko alipapasa mishono yake ya bata na kusema, "Huyu atajifunza." Alipapasa yangu, iliyonyooka, akachukua wembe. Nilimchukia mdogo wangu kwa ajili hiyo, chuki ya mtoto, ambayo haina haya.

Binti wa yule fundi jirani alikuwa rika langu. Mama yake alikuwa amempa kofia ya kidole, ndogo, ya chuma, yenye vidoti. Aliivaa hata akiwa anacheza, anaigonga ukutani ili niisikie.

Mwezi wa kumi wa mwaka tisini na sita, mama akiwa Kalehe, tulianza kusikia mizinga upande wa Ruzizi. Mara ya kwanza walimu walisema ni radi. Siku ya tatu hakukuwa na walimu. Barabara ilijaa watu wenye magodoro kichwani, na wanajeshi waliokuwa wanakimbia pamoja nao, wakiwapokonya yale magodoro. Majirani walifunga mizigo. Koko alitoa katoni yake ya sukari, akaanza kukata viraka.

Fundi alikuja kumhimiza. Alikuwa ameng'oa kichwa cha cherehani kutoka mezani, amekifunga kwa shuka.

"Maman, tunakimbia. Hatuende feti ya ndoa."

"Mwenye kukimbia naye anafikaka," koko alisema bila kuinua uso. "Akifika, atatoa nini?"

Tulipoteza nusu siku kwa viraka hivyo. Mdogo wangu alitia uzi kwenye sindano thelathini, akilamba uzi upya kila kishindo kilipogonga mabati. Halafu koko akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika safari nyingine. Alichukua kikwembe cha mama, cha manjano, chenye picha za vifaranga, kile alichokivaa Krismasi, akakikata. Alitoa vipande vinne, akatushonea kila mmoja mgongoni kwenye sweta lake. "Macho yangu inaonaka rangi tu," alisema. "Na mama yenu akiona hii kwa mbali, atajua ni wake."

Kesho yake alfajiri, kabla ya kufunga mlango, alituzungusha tukampa migongo. Moja, mbili, tatu, ine. Tuende.

Fundi na binti yake walifuatana nasi. Fundi alitembea mbele, kichwa cha cherehani kikiwa kichwani pake, na mzigo wa namna ile haukuruhusu kugeuza shingo. Binti alibaki nyuma, katikati yetu.

Tulipumzika Bagira, nyuma ya ukuta wa kanisa, naye fundi akabaki amesimama barabarani na mzigo wake kichwani, maana kuutua na kuutwika tena kulihitaji watu wawili. Koko alikuwa amelala kidogo, mapacha wamemwegemea. Mimi na mdogo wangu tulitoa makopo yetu, tukashona kama tulivyoagizwa. Mdogo wangu alikuwa kwenye kipande chake cha tatu. Binti wa fundi alitutazama migongoni.

"Na mimi ninataka kifaranga," alisema.

"Wee hauko wa kwetu."

Alivua kofia ya kidole, akaiweka juu ya jiwe kati yetu. Kidole changu cha kati kilikuwa kimevimba tangu jana yake.

Kiraka changu nisingekitoa. Nilimwambia mdogo wangu ageuke. Alielewa mara moja, akaanza kulia kimyakimya, akaniambia, "Dada, mama hatanijua." Nilimjibu maneno ninayoyakumbuka kuliko sala yoyote niliyofundishwa. Nilimwambia, "Wee unapendwaka sana, watakujua tu." Nilifumua kiraka kwa meno, nikachukua sindano kutoka kwenye sabuni yake, aliyoitia uzi yeye mwenyewe, nikakishona mgongoni kwa binti wa fundi. Nilishona kwa mkono wa kushoto kama koko, fundo juu, mishono iliyonyooka. Ulikuwa mshono bora kuliko wote niliowahi kushona, na koko hakuufumua.

Mudaka, karibu na soko, wanajeshi walikuwa wameweka kizuizi. Walikuwa wanachukua redio, viatu, mbuzi. Mmoja alifungua kopo langu, akaona viraka na sabuni, akachukua sabuni na sindano zake, akanirudishia kopo. Ghafla risasi zililia nyuma yetu, nao wenyewe wakawa wa kwanza kukimbia. Umati wote ulimwagika kwenye migomba. Nilikamata pacha mmoja, koko akakamata mwingine. Nilimwona mdogo wangu akiwa amekumbatia kopo lake, amesimama katikati ya barabara, anageuka huku na huku, na watu wakimpita. Halafu watu wakawa wengi nisimwone.

Tulipotoka upande wa pili wa migomba, koko alisimama, akatuambia tutangulie mbele yake. Alifinya macho. Mbele yake kulikuwa na migongo minne yenye manjano.

"Moja, mbili, tatu, ine. Mungu iko. Tuende."

Binti wa fundi alinitazama. Mimi nilitazama mbele. Kwa hesabu ile ya kwanza nilinyamaza kwa sababu nilidhani atatufikia. Wengi walikuwa bado wanatoka kwenye migomba, wanaitana. Hesabu ya pili ilikuwa Miti. Pacha mmoja aliniuliza, "Dada mudogo iko wapi?" nikamwambia yuko mbele na maman fundi. Koko alihesabu, akapata wanne. Hapo nilinyamaza kwa sababu ya wembe, maana nilishaanza kuogopa atakachonifanya. Hesabu ya tatu ilikuwa kabla ya kuingia Kavumu, jua likiwa linateremka. Hapo nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza mara mbili.

Kavumu fundi alitua kichwa cha cherehani na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliweza kugeuka. Alimwona binti yake kwa nyuma. Mafundi hawahitaji kuelezwa jambo la nguo. Alikitazama kiraka, akatutazama sisi mmoja mmoja, mimi, mapacha, kisha njia tuliyotokea. Koko alikuwa ameketi hatua chache kutoka pale, anachua miguu. Fundi alimvuta binti nyuma ya kibanda, nikamfuata. Alifumua kiraka kwa kucha zake, akakikunja, akakitia kifuani.

"Atasema ni mutoto wangu alifanya ule mwengine apotee," alininong'oneza. "Wee nyamaza, na mimi ninyamaze."

Walichukua njia ya kwenda kwa ndugu zao, ndani ndani kuelekea milimani. Sikuwaona tena. Walipoondoka, koko alisimama, akatuzungusha.

"Moja, mbili, tatu."

Alirudia. Alitugusa migongo kwa mkono, mmoja mmoja, akapapasa hewa mahali ambapo wa nne angekuwapo. Kisha akageuka, akaanza kutembea kurudi Mudaka, anaita jina la mdogo wangu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwita aje kula. Wanaume wawili walimshika mikono.

"Maman, ile njia haina tena watu. Iko na bunduki tu."

"Nilihesabu ine," aliwaambia. "Muulize huyu. Nilihesabu ine hapa karibu."

Waliniuliza. Nilisema ndiyo, alihesabu wanne.

Tulifika Kalehe siku mbili baadaye. Mama alituona kwa mbali, kama koko alivyopanga, akaja akikimbia mteremko. Aliona manjano matatu. Hakulia kwanza. Alitupita, akatazama barabara nyuma yetu kwa muda mrefu, akasubiri, kama mtu anayengoja mwenye mwendo wa polepole.

"Ule mwengine iko wapi?"

"Nilihesabu ine," koko alisema.

Mama hakuzungumza naye moja kwa moja tena. Tulirudi Bukavu, vita vya pili vikaja, mji ukabadilisha watawala, na katika nyumba yetu ndogo wanawake wawili, mama na mzazi wake, walipitishiana maneno kupitia kwangu. "Ambia koko yako maji ya kuoga iko tayari." "Ambia mama yako asante." Mama alitafuta. Alikwenda kila mahali palipotajwa kuwa na watoto waliopotezana na wazazi, parokia kwa parokia, na kila aliporudi, koko alimgeuzia uso mahali sauti ya miguu ilipotoka, asithubutu kuuliza.

Koko hakushika sindano tena. Alihesabu. Alihesabu vijiko, kuku wa jirani, ngazi za kanisa, vidole vyetu tukiwa tumelala. Alipomaliza alirudia, halafu alimwuliza aliyekuwa karibu kama amepata sawasawa. Watoto wa mtaa walijua mchezo huo. Walikuja mlangoni wakiwa watatu, wakapiga kelele, "Koko, tuko ngapi?" Alisema tatu. "Hapana koko, tuko ine." Akahesabu tena. Mapacha walicheka pamoja nao. Mimi niliwahi kucheka pia, mara moja, na sitakuficha hilo.

Alipokuwa anakufa, nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa peke yangu naye mchana kutwa. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Alinishika kidole cha kati, akakipapasa ncha, akatafuta vitundu vya sindano, asivipate. Nilikuwa nashona kwa kofia ya chuma kwa miaka mitano. "Kidole yako ilipona," alisema. Kisha akaniuliza swali lake, kwa mara ya mwisho, kama kweli alihesabu wanne. Ningeweza kumwambia kwamba hakukosea hata kidogo, kwamba alihesabu viraka na viraka vilikuwa vinne. Nilimwambia, "Labda macho, koko." Akaitikia kwa kichwa. Aliondoka na jibu hilo.

Bukavu ya leo ukiitafuta meli ya koko, wanawake wenye makopo ya viraka, au mtu anayesubiri mvuani amalize kipande cha mwisho kabla ya kubisha hodi, hutapata. Wenyeji siku hizi hupokea soda. Mama amezeeka, anaishi na pacha mmoja. Bado hajui. Nimeandika haya nikijua kwamba anaweza kusomewa.

Sasa Sange. Nilikwenda huko kwenye matanga ya mzazi wa rafiki yangu. Joto la bonde likatufukuza nje, tukakaribishwa kwenye nyumba ya jirani wa marehemu, mwanamke wa makamo, tukaketi sebuleni. Kwenye mgongo wa kiti kilichonielekea kulikuwa na kitambaa cha viraka kumi na viwili, kimefifia. Kipande cha kwanza kilikuwa shati la baba.

Niliomba kukishika. Mwenye nyumba alicheka, akasema kama ninakipenda nimshonee kingine.

"Ulikipata wapi, maman?"

"Nilikikutaka hapa wakati niliolewa. Ilikuwa ya mama mukwe wangu. Alisemaka mugeni mumoja alimupatia."

"Mugeni gani?"

"Mugeni tu. Wakati wa vita kulikuwa wageni wengi. Aliingia, alikaa, akaenda." Mama mkwe wake alikufa zamani. Hakumbuki kuambiwa kama mgeni huyo alikuwa mtoto au mtu mzima, wala alielekea wapi.

Nilikigeuza, nikakikagua kwa kidole gumba, kama nilivyofundishwa. Mstari wa kwanza umeshonwa kwa mishono mirefu, inayoyumba, nyayo za bata. Mstari wa pili unaanza hivyo hivyo, na katikati unanyooka kidogo. Mstari wa tatu umenyooka kabisa. Ni mkono wa mtu mzima, au wa mtu mwingine. Vipande kumi na kimoja nilivitambua vyote, kwa mfuatano ule ule koko aliovitunga. Cha kumi na mbili sikijui. Ni cha manjano, cha maua, kitambaa ambacho hakijawahi kuingia nyumbani kwetu.

Mtu aliyekishona aliukata uzi kwa meno. Fundo ameliacha juu.